Kwa nini nguzo ya kona ya mbele ndiyo huumia

Mkuu, umeuliza kama ghorofa yako ya kiwanja cha kona hapo Bukoba, yenye fremu za biashara pande mbili za barabara na kuta nzima za tofali pande mbili za nyuma, itakuwa salama tetemeko likija, ukiongeza nondo kwenye nguzo ya kona ya mbele. Mimi ni fundi wa saiti, si mhandisi, ila kosa hilo nimeshalifanya kwa mikono yangu.

Nilijenga moja kama hiyo. Ramani ilikuwa na ukuta mbele kati ya nguzo mbili. Mwenye nyumba akataka fremu nyingine, nikautoa. Ukuta haubebi kitu, nikajiambia. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kama saa tisa na nusu alasiri, likaja lile tetemeko la ukubwa wa 5.9. Nilipofika jioni, nguzo za nyuma hata rangi haijachubuka. Ya kona ya mbele ilikuwa imepasuka mshazari chini ya bimu, zege limebanduka, ringi moja (chuma kinachozungushiwa nondo) imefunguka ndoano. Geti la fremu halikushuka tena, lilikuwa limelala upande.

Chukua mlango. Usukume katikati: upande wa bawaba hausogei, upande wa kitasa unakwenda mbali. Kuta zako za nyuma ndizo bawaba. Tetemeko linapovuta nyumba kwa ulalo, nguvu hupita kwenye kitovu cha uzito, ambacho huwa karibu na katikati ya slabu. Lakini ugumu wote, yaani ukinzani wa kutosogezwa, umejikusanya kona ya nyuma, na huko ndiko kiliko kitovu cha ugumu. Basi nyumba haiendi mbele na nyuma tu, inajisokota, na nguzo iliyo mbali kabisa na kuta hizo ndiyo hutembea kuliko zote. Vitovu hivyo vikiachana mita 4 na nguvu ikiwa tani 50, hapo una tani-mita 200 za msokoto ambazo hakuna aliyezipangia. (Hata nyumba iliyo sawa pande zote haisamehewi: Eurocode 8, kanuni za Ulaya za ujenzi wa kuhimili tetemeko, inamtaka mhandisi asogeze kitovu cha uzito asilimia 5 ya upana, kwa tahadhari.)

Managua, Nikaragua, tarehe 23 Desemba 1972, benki mbili zilionja tetemeko lile lile. Banco Central, ghorofa 15, kuta ngumu za lifti na ngazi zake zilirundikwa upande mmoja, iliharibika vibaya. Banco de América, ghorofa 18, kuta zake za zege zilipangwa kwa ulinganifu katikati. Madhara yalikuwa madogo.

Kwa hiyo nondo za ziada pekee hazikusaidii, maana nguzo bado itatembezwa vile vile. Ringi za karibu karibu juu na chini ya nguzo, zenye ndoano zilizokunjwa hadi ndani ya zege, hizo weka hata hivyo. Tiba yenyewe ni kupeleka ugumu mbele: vipande vya ukuta wa zege vyenye umbo la L kwenye kona ile, vyenye msingi wake. Utapoteza labda nusu ya fremu moja. Ngazi nayo ni ngumu, usiibandike kona ya nyuma, inazidisha tatizo.

Mpe mhandisi ramani ya fremu jinsi zitakavyokuwa kweli, siyo ile ya kibali, akuchoree vitovu vyote viwili kwa kalamu. Ukiipata itupie hapa tuitazame, ila futa namba ya kiwanja.