Kemo iliisha zamani, mkono na miguu bado

Jamani mliomaliza matibabu ya kansa ya titi, na nyie mkisema mnaumwa mnajibiwa "si umeshapona wewe?" Yani watu wanadhani ukitoka kwenye mionzi ndo basi mwili unarudi kama zamani, wakati mie mkono wa kushoto nikiuzidishia kazi unavimba mpaka bangili haiingii.

Ni hivi, ukifanyiwa operesheni ya titi mara nyingi wanatoa na tezi za kwapani, na zile tezi ndo zinapitisha maji ya mwilini, sasa zikipungua na mionzi ikikaza pale, maji yanatuama mkononi, tena inaweza kuanza hata miaka baadae. Ukiona mkono mzito au pete inabana wahi kliniki, kwanza waangalie kama si damu kuganda au ugonjwa kurudi, halafu omba fiziotherapia wakupime ile slivu ya kubana (kama soksi ndefu ya mkononi), ya kubahatisha dukani itakuumiza.

Wanaokwambia usiushughulishe kabisa huo mkono achana nao, mkono unataka mazoezi ila ya pole pole. Kinachonimaliza mie ni kukuna nazi na kukamua mashuka, hizo nimemwachia binti yangu. Nikijichoma hata na mwiba wa samaki naosha kwa sabuni saa hiyo hiyo, na siku mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, hiyo si ya kusubiri kupambazuke, inataka antibayotiki.

Miguu nayo ganzi, hii ni ya paclitaxel, moja ya dawa za kemo, inaharibu mishipa ya fahamu. Ndala inachomoka njiani sina habari mpaka watoto wapige kelele "mama umeacha ndala!" Siku hizi navaa viatu vya mkanda nyuma, jioni nakagua nyayo, na maji ya kuoga napima kwa kiwiko maana vidole vinanidanganya. Kwangu ganzi ya mikononi imepungua, ya miguuni bado. Ikichoma usiku mwambie daktari, zipo dawa za maumivu ya mishipa, panadol hapo haifui dafu.

Na popote unapotibiwa, hata kama umeenda kwa malaria tu, beba karatasi ya dawa ulizopewa, hasa kama ulipigwa ile dripu nyekundu ya kemo (doxorubicin), ile inaweza kugusa moyo miaka mingi baadae na daktari mgeni hawezi kulijua hilo kwa kukutazama usoni.