Ukipunguzwa Kazi ya Mauzo, Shika Karatasi Kwanza

Kazi ya mauzo ikikatika, vitu vingi huondoka kwa siku moja: mshahara, kamisheni, gari, na mara nyingi hata laini ya simu ambayo wateja wako wote wanaijua. Mimi nilikuwa nikiuza sabuni na mafuta ya kupikia, rauti yangu ikitoka Kisumu kupitia Maseno hadi Luanda, na siku nyingine Bondo. Kampuni ilipopunguza watu wa mauzo, nami nilikuwamo. Haya nayaandika kwa ajili yako uliyepewa barua juzi na bado hulali.

Kubwa kuliko yote: usitie sahihi karatasi yoyote siku hiyo hiyo. Sisi tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Mezani palikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilisema kampuni inapunguza wafanyakazi. Ya pili ilikuwa ya kujiuzulu, imeshachapwa, imebaki jina na sahihi tu, na tukaelezwa kwamba hiyo ndiyo itakayotupa sura nzuri kwa mwajiri mwingine. Niliomba kwenda nazo nyumbani nikazisome. Ukijiuzulu, fidia ya kupunguzwa kazi huna, na hilo hakuna aliyetutajia pale mezani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema wazi. Mwajiri anayepunguza watu lazima akuarifu kwa maandishi na amwarifu pia afisa wa leba. Akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, akulipe siku za likizo ulizobakiza, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Tuseme mshahara wako ni shilingi 30,000 na umemaliza miaka 6. Hizo ni siku 90. Ukihesabu siku moja kuwa shilingi 1,000, fidia ni 90,000. Ongeza 30,000 za notisi, halafu likizo. Piga hesabu yako mwenyewe kwenye daftari kabla hujaenda kuonyeshwa ya kwao.

Watu wa mauzo huumizwa zaidi kwenye kamisheni. Oda uliyoileta, mzigo ukashushwa na duka likalipa kabla ya barua yako, ina jasho lako ndani yake. Lakini ushahidi wake uko wapi? Uko kwenye simu ya kampuni, ambayo unatakiwa kuirudisha. Kwa hiyo kabla hujaitoa mkononi, hifadhi jumbe za tageti, yaani malengo ya mauzo, za kila mwezi, hati zako za mshahara na barua ya kuajiriwa. Orodha za wateja na bei za ndani za kampuni ziache hapo hapo. Wewe unataka yanayothibitisha malipo yako tu.

Halafu kuna madeni ya maduka. Wengi huambiwa kwamba deni la mwenye duka ambaye hajalipa litakatwa kwenye pesa zao za mwisho. Sheria inaruhusu makato ya upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu aliyekabidhiwa pesa. Mteja aliyepewa mkopo kwa idhini ya ofisi, kisha akachelewa kulipa, ni jambo jingine kabisa. Wakiling'ang'ania, nenda kwa afisa wa leba na makaratasi yako. Ikishindikana huko, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Kisumu na iko Nakuru pia, na dai la namna hii lina muda wa miaka 3. Usisahau kudai cheti cha utumishi. Ni haki yako hata kama mmeachana vibaya.

Nyumbani, sema siku hiyo hiyo. Najua wanaume wanaovaa shati la kampuni kila asubuhi na kwenda kukaa mjini hadi jioni ili mke asijue. Mateso hayo hayana faida. Kama una mkopo wa sacco, uende uzungumze nao kabla hujakosa awamu, kwa sababu wadhamini wako ni watu mnaosalimiana kila siku. Na bima ya afya ya serikali, SHA, iendeleze mwenyewe: kwa asiye na mwajiri, mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Pesa ikishaingia, kutakuja wazo la kufungua duka la jumla. Tunajiona tunaijua biashara kwa kuwa tumeyajaza maduka ya watu bidhaa. Nakusihi, subiri. Ulipokuwa ukiuza, mzigo ulikuwa wa kampuni, mafuta ya gari ya kampuni, na katoni iliyolowa mvua ilirudi kampuni. Sasa kila katoni ni kodi ya nyumba na karo ya watoto. Ondoa kwanza miezi kadhaa ya matumizi, uiweke mahali pagumu kufikia, ndipo uanze kufikiria.

Wakati huo wapigie watu waliokuwa wakinunua kwako, kwa laini yako mwenyewe, uwaage kwa heshima. Mama mmoja mwenye duka la jumla Luanda aliniambia, "Mwanangu, gari limepita na kijana mwingine, nikadhani unaugua." Tukaongea kidogo, kisha akauliza kama naweza kumtafutia oda za maduka madogo kuelekea Siaya, yeye atoe mzigo, mimi nipate sehemu yangu kwa kila katoni. Nilifurahi mno. Hata hivyo nilimwomba tuandike: kiasi cha kila katoni, siku ya kulipwa, na nani anabeba deni duka likikosa kulipa. Hakukasirika. Alichana ukurasa wa kitabu chake cha risiti, akaniuliza tuanze na lipi.