Kabla ya dripu ya kwanza, ulizia mbegu

Nilikuwa na miaka 27 nilipogusa uvimbe kwenye korodani ya kushoto, naoga maji ya ndoo, nyumbani Makorora, Tanga. Hauumi. Nikaupa miezi minne, maana kitu kisichouma sisi wanaume hatukiulizi. (Ukiugusa leo, nenda leo. Ila si hilo lililonileta hapa.)

Ikawa saratani. Korodani ikatolewa, nikapangiwa kuanza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, Dar, Jumatatu. Daktari alinieleza kichefuchefu, nywele, hata masikio kuvuma. Kuhusu kuzaa, kimya. Simlaumu sana, alikuwa anapigania roho yangu. Aliyenistua ni binti wa mama mdogo, nesi: "Kaka, umeshaweka mbegu?" Nikadhani anasema mahindi.

Akanifafanulia: mbegu za kiume, zigandishwe ziwe akiba ya kuzaa baadaye. Dawa za kemo huwinda seli zinazogawanyika haraka. Nywele ndivyo zilivyo, na kiwanda cha mbegu za kiume ndivyo kilivyo. Kuna ambao kiwanda hurudi kazini baada ya mwaka au miwili, kuna ambao hakirudi tena. Inategemea dawa, kiasi chake, na kama mionzi ilipigwa nyongani. Wewe uko kundi gani, hakuna wa kukuahidi. Na mbegu huwekwa kabla, si katikati: dripu ikishaingia, zinazotoka zinaweza kuwa zimeharibika vinasaba.

Basi nikapiga simu kliniki moja ya uzazi, nikakaa siku tatu bila kumwaga kama walivyoniagiza, nikapanda basi la alfajiri. Damu kwanza: Ukimwi, homa ya ini B na C. Kisha chumba kidogo, kikopo chenye kifuniko cha bluu, na mlango ambao komeo lake halishiki. Dakika kumi nzima nililikodolea komeo lile. Nikatoka na kikopo kitupu, nikamwambia dada wa maabara ukweli, akanibadilishia chumba. Sema tu, wamezoea. Nilitoa Alhamisi, nikarudia Jumamosi. Zikiwa chache usikate tamaa, maana siku hizi maabara wanaweza kuchukua mbegu moja hai wakaidunga ndani ya yai. Mbegu hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka na miaka.

Kilichonitoa jasho kuliko kikopo ni fomu. Swali moja: ukifariki, mbegu zifanyweje? Sina mke, sina mchumba, naulizwa hayo. Kabla ya safari nilikuwa nimemuuliza shekhe wa msikitini kwetu, akaniambia kwa mke wa ndoa, nawe u hai, yeye haoni tatizo. Nikaandika: ziharibiwe. Kalamu ilikuwa nzito.

Bei uliza mbili, ya kugandisha na ya kutunza kila mwaka. Ya pili ndiyo watu huisahau. Ukibadilisha namba ya simu wajulishe. Na usijidanganye kwamba kemo imekufanya tasa ukaacha kinga: mimi niliambiwa nisimpe mtu mimba mpaka mwaka upite tangu dripu ya mwisho, nawe muulize daktari wako muda wako.

Kila Januari ujumbe wa ada huingia kwenye simu. Mwaka huu mama alikuwa pembeni akikuna nazi, akauliza nalipia nini tena.

"Kodi ya pango, mama. Ya wajukuu zako."

Akaendelea kukuna. Baadaye akauliza ni shilingi ngapi, na kama wanakubali nusu nusu.