Kurudi Kenya kutoka Qatar: ushuru, gari na karatasi za kuandaa mapema

Dada umeuliza: mko Doha miaka sita, mumeo na watoto, mwakani mnataka kurudi Mombasa, je, serikali inampa chochote anayerudi? Mimi nimerudi kutoka hukohuko na mzigo nikautoa bandarini Kilindini, Mombasa, basi nikueleze ninavyolijua.

Pesa za kuanzia maisha usizitarajie. Msaada wenye uzito ni msamaha wa ushuru, nao umo kwenye sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwa hiyo unadai haki yako, huombi hisani. Nguo, vyombo na fanicha mlizokuwa mkitumia nyumbani huko, pamoja na gari moja, vinaingia bila ushuru. Mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu mfike, au mwombe Kamishna wa forodha awaongezee muda. Friji tatu mpya ndani ya katoni ni biashara, hizo msizichanganye.

Penye gari ndipo wengi wanapokwama. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wanataka uwe umeishi nje miaka miwili mfululizo kabla ya kurudi, na katika miaka hiyo siku ulizokaa Kenya, ukizijumlisha, zisifike 90. Likizo ndizo zinazoponza. Mtu amekuja harusini akakaa mwezi na nusu, mwaka wa pili amekuja Ramadhani akaunganisha na Idi, katikati kukatokea msiba, na mihuri ya pasipoti inaonyesha yote. Gari nalo liwe lako mwenyewe na uwe umelitumia huko miezi 12. Jirani yangu Doha aliendesha gari la kampuni miaka na miaka, lakini istimara, yaani kadi ya usajili wa gari huko, ilikuwa na jina la kampuni, akakosa. Kama istimara ni ya mumeo, basi yeye ndiye aombe.

Halafu usukani. Gari la Qatar ni la usukani wa kushoto, na huku halisajiliwi, kwa hiyo msilipakie melini. Mnaruhusiwa kuliuza hukohuko mkanunua la usukani wa kulia, ila bei yake isizidi ya lile la kwanza, na liwe halijapitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tunzeni hati ya mauzo, nakala ya istimara na risiti zote. Na mjue mapema kwamba mkija kumuuzia gari hilo mtu asiye na msamaha, ule ushuru unadaiwa.

Linaloniuma ni kwamba msaada huu unamfaa mwenye gari na kontena. Dada zetu waliofanya kazi za ndani wanarudi na begi moja, na sheria hii haiwapi la maana. Naona si haki, kwa sababu pesa walizotuma ndizo zilizosomesha wadogo zao. Anayerudi na ufundi ana njia moja nzuri: NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, wanatoa mtihani wa ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Fundi wa AC au wa kuchomea vyuma aliyejifunzia kazini akiufaulu anapata cheti ambacho mwajiri wa hapa anakitambua. Aje na barua ya kazi kutoka kwa mwajiri wake. Na mwenye mshahara anaodai asipande ndege kwanza. Adai akiwa hukohuko, kwa wizara ya kazi ya Qatar, na ubalozi wetu Doha ujue. Ukishaondoka, kufuatilia ni taabu tupu.

Mkifika, jisajilini mapema kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Asiye na ajira ya mshahara anachangia asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, na hulipwa kwa mwaka mzima, kwa hiyo wekeni fungu hilo kando.

Kwa sasa, kabla hamjakata tiketi, fungua pasipoti ya mumeo mzihesabu siku zake za Kenya. Kama zimefika 90, ni afadhali mwahirishe safari kuliko kuukosa msamaha.