Daktari wa Meno Anajibu: Kifaa cha Usingizi Kishaingia Mdomoni, Sasa Iweje?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu walioenda kwa daktari wa meno sababu ya kukoroma na kukatika pumzi usingizini, wakapewa kifaa, wakarudi nyumbani Lamu au Malindi na hakuna aliyekaa nao akawaeleza maisha ya baada ya hapo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake yaliyomo yanawahusu wengi.

Asalaam aleikum daktari. Mume wangu ni nahodha, alikuwa akikoroma hadi watoto wanahama chumba, na saa zingine pumzi yakatika kabisa namsukuma ndio ashtuke. Tulienda Mombasa akapimwa usingizi, wakasema pumzi yakatika mara 22 kwa saa, akatengenezewa kifaa cha juu na chini kinachovuta taya la chini mbele. Wiki za kwanza alilala vizuri wallahi. Sasa yuwalalamika asubuhi taya zauma, meno hayakutani akila mahamri, halafu mimi nilikiosha na maji ya moto ya birika nikidhani naua vidudu, tangu siku hiyo chambana upande mmoja. Amekitia kwenye kiboksi hataki kukiona. Aachane nacho? (Mama Watoto, Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam dadangu. Asiachane na matibabu, lakini hicho kilichobana asikivae tena mpaka daktari aliyekitengeneza akitazame. Vifaa vingi vya aina hii ni vya akriliki, na akriliki ikipata maji ya moto inajipinda, hata ikipinda kidogo tu kiasi cha macho kutoona, meno yanahisi. Msijaribu kukirudisha kwa kukichemsha tena wala kukikwangua na tupa. Kirekebishwe au kitengenezwe kingine, na siku za kungojea alale ubavu, kichwa kiinuke kidogo, asilale chali.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza. Mtu akilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, na koo lenyewe ni kama mpira laini wa maji, likibanwa kidogo hewa haipiti. Kifaa kinashika taya la chini mbele, ulimi unafuata, njia inabaki wazi. Kikitoka mdomoni, usiku huo huo njia inaziba kama zamani. Mara 22 kwa saa ni kiwango cha kati (chini ya 5 ndio kawaida, 5 hadi 15 kidogo, 15 hadi 30 kati, zaidi ya 30 kali), na mtu wa kiwango hicho akikaa bila matibabu presha inaweza kupanda na mchana akasinzia, na yeye ndiye anayeshika usukani baharini na abiria ndani.

Hayo maumivu ya asubuhi na meno kutokutana yanawapata wengi, hasa mwanzo, taya limekaa mbele usiku kucha halafu linatakiwa kurudi mahali pake. Akiamka alfajiri akitoe, akisuuze, aswali, halafu achukue kitambaa cha maji ya vuguvugu aweke mashavuni karibu na masikio dakika chache, afungue mdomo polepole na kufunga mara kadhaa, kisha aume taratibu kwa magego ya nyuma mpaka asikie yanakutana. Kama alipewa kile kipande kidogo cha kuuma asubuhi basi akitumie kila siku, wengi wanakitupa na ndicho kinachosaidia meno yasihame. Chingamu isiyo na sukari pia inasaidia. Mahamri na mkate wa mofa vingoje mpaka meno yakutane, kwa kawaida ni kama nusu saa hadi saa nzima. Ikifika adhuhuri bado hayajakutana, au maumivu yanaendelea mchana kutwa, au taya linakwama, hapo lazima arudi, pengine taya limevutwa mbele kupita kiasi na linahitaji kurudishwa nyuma kidogo. Kusogeza kwenyewe ni milimita nusu, au moja, kila mara, na ni kwa maagizo ya daktari, asijizungushie skurubu kwa sababu jana alikoroma.

Kuosha ni rahisi. Kila asubuhi mswaki laini wake peke yake, maji baridi, tone la sabuni ya vyombo isiyo kali, basi. Dawa ya meno usitumie, ina chembe zinazokwaruza akriliki na kwenye hiyo mikwaruzo ndio uchafu na harufu vinakaa. Jiki pia usitie. Kama maji yenu ya kisima ni ya chumvi, msuuzo wa mwisho uwe wa maji ya kunywa. Kisha kikaushwe, na hapa ndipo watu wa Lamu mnatakiwa kuwa makini kwa huu unyevu wetu, kiboksi kiwe na matundu na kisifungiwe kifaa kikiwa na maji maji kitaota ukungu. Kiwekwe juu, mbali na siafu na paka na watoto. Akienda baharini asafiri nacho, ila kisiachwe juani juu ya sitaha, jua la saa saba nalo linakipinda.

Na meno yenyewe yapigwe mswaki kabla ya kukivaa, usiku, bila kukosa. Mate ndiyo yanayosafisha meno, na ukilala yanapungua, tena chini ya kifaa hayafiki vizuri, kwa hivyo mtu akimaliza kahawa na halwa barazani akakivaa hivyo hivyo ameifungia sukari pale mpaka asubuhi. Akishakivaa ni maji matupu tu, chai ya sukari hapana. Mti wa mswaki ni mzuri lakini aongeze dawa ya meno yenye floraidi.

Mwanangu, Ramadhani nala daku halafu nalala tena kidogo. Nikivae tena au ile ya usiku yatosha? (Mama wa Mkomani, Lamu)

Shikamoo mama. Kivae tena, hata ukilala mchana kivae, koo halijui saa. Baada ya daku piga mswaki vizuri kwanza, na ukikisuuza mchana kikung'ute maji yatoke kabla ya kukitia mdomoni. Kuhusu saumu yenyewe muulize sheikh wako, hiyo si kazi ya daktari wa meno. Mdomo ukikauka sana usiku niandikie tena au mwone daktari wako, mara nyingi ni pua imeziba na mtu anapumua kwa mdomo.

Daktari mimi ni dereva wa matatu Malindi kwenda Mombasa. Nimevaa kifaa miezi mitatu, mke wangu anasema sikoromi tena kabisa. Daktari ananiita nikapimwe tena usingizi na hiyo ni pesa. Si nishapona? Saa zingine nasinzia kwa stiaringi lakini natafuna muguka nachangamka. (Dereva, Maweni, Malindi)

Kaka, soma hii mara mbili tafadhali. Kukoroma kuisha si ushahidi kwamba pumzi haikatiki. Kelele ni ya nyama zinazotetemeka hewa ikipita, kifaa kinaweza kuzituliza na bado hewa ikawa inakatika kimya kimya, mkeo hasikii kitu na wewe hujui. Na wewe mwenyewe umeshatoa dalili kwamba mambo hayajakaa sawa, unasinzia ukiwa unaendesha. Nenda kapimwe ukiwa umekivaa mdomoni, ndiyo njia ya kujua kama kimesogezwa vya kutosha, au unahitaji ile mashine ya kupuliza hewa kwa barakoa badala yake. Kama pesa ndiyo shida mwambie daktari wazi, kuna vipimo vya kuvaa ukalale navyo nyumbani ambavyo kwa kawaida ni nafuu kuliko kulazwa.

Hadi hapo, ukisinzia usiendeshe. Nasema hivyo nikijua ni riziki yako. Ni kilomita kama 120 hadi Mombasa na una roho za watu nyuma yako, mwachie mwenzako hiyo safari.

Muguka haukupi usingizi uliokosa, unaficha tu ile hali, halafu usiku unakuweka macho, mdomo unakauka, na kule kutafuna masaa mengi kunachosha misuli ya taya ambayo tayari inafanya kazi usiku. Mnazi wa jioni ndio mbaya zaidi, pombe inalegeza koo na kifaa kinazidiwa. Dawa za usingizi vile vile, usinywe bila kumwambia daktari una tatizo hili. Sigara na shisha zinavimbisha njia ya hewa. Kama umeongeza kilo tangu ulipopimwa sema, unene wa shingo unabadilisha hesabu yote. Na ukiziba jino au kuvalishwa kofia ya jino, nenda na kifaa chako, jino likibadilika umbo hata kidogo hakitakaa.

Daktari, mwanangu ana miaka 8, analala mdomo wazi na anakojoa kitandani. Amewekewa chuma cha kupanua kaakaa nakizungusha kwa ufunguo. Sasa meno ya mbele yameachana pengo kubwa, bibi yake analia ati tumemharibu. Na anataka ubuyu kila siku. (Mama Fatuma, Mambrui)

Mwambie bibi atulie, nampa pole, lakini hilo pengo ni dalili kwamba mfupa wa juu unafunguka kama ilivyotakiwa. Mara nyingi lenyewe linajifunga baadaye. Zungusha kwa idadi uliyopewa tu, na uweke alama kwenye kalenda ukutani kila ukizungusha, manake ukisahau na kurudia unaumiza mtoto. Kupanua kukiisha chuma hakitoki, kinakaa miezi kadhaa mfupa mpya ukomae, wazazi wengi wanachoka hapo na kuomba kitolewe mapema, usikubali.

Ubuyu, kashata, halwa, korosho na mahindi ya kuchoma viwekwe kando kwa sasa. Bokoboko, samaki wa kupaka, wali, papai, hivyo sawa. Baada ya kila mlo asukutue, na chakula kinachobaki juu ya chuma kisukume na maji kwa sirinji isiyo na sindano. Siku za kwanza atatema mate na kusema kwa kithembe, inapita.

Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na hiyo hiyo pumzi ya usiku kwa hivyo asichapwe wala kuaibishwa. Lakini kaakaa ni sehemu moja tu. Kama hajatazamwa mafindofindo na nyama za puani na daktari wa masikio, pua na koo basi mpeleke, kwa watoto hizo ndizo zinazoziba njia mara nyingi, na chuma hakiziondoi. Mchana mkumbushe afunge midomo, ulimi ukae juu kaakaani, apumue kwa pua. Na skurubu ikigoma kuzunguka au chuma kikilegea, usilazimishe, mpigie daktari siku hiyo hiyo.