Dagaa wale wale, kopo jipya

Meza yangu ya samaki iko Mwanga, hapa Kigoma. Miaka yote nimeuza vitu viwili: dagaa kwenye mfuko wa karatasi na migebuka wakavu. Daftari halikuwa na maajabu: kwa wateja 40, kama 20 dagaa, 20 migebuka.

Siku moja nikajiona mjanja. Nikafungasha dagaa wale wale, uzito ule ule na bei ile ile, kwenye makopo yenye lebo. Hesabu ya kichwani: bidhaa zikiwa tatu, kila moja theluthi, kwa hiyo dagaa wabebe theluthi mbili. Nikapunguza migebuka, nikarundika dagaa. Saa sita mchana migebuka wameisha, wateja wanahamia kwa jirani, na dagaa walikaa mpaka wakaingia wadudu. Kumbe walaji wa dagaa ndio waliogawana, huyu kopo, yule mfuko. Mpenda mgebuka hakugeuza hata shingo.

Mpwa wangu anasoma takwimu chuoni. Alicheka. "Mjomba, kosa lako limenizidi umri." Akanieleza kanuni ya mwanasaikolojia Luce ya mwaka 1959: uwezekano wa kitu kuchaguliwa ni mvuto wake ukigawanywa kwa jumla ya mvuto wa vyote vilivyopo. Mwaka 1960 mchumi Debreu akaonyesha inapovuja, yaani pale vitu viwili vinapofanana. Wachumi hupenda mfano wa basi jekundu na basi la bluu: mwenye gari lake haachi kuliendesha kwa sababu basi limepata pacha wa rangi nyingine.

Usiitupe kanuni, lakini. Daniel McFadden, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2000, alipima watu wanavyolinganisha nauli na muda, akatumia kanuni ya aina hiyo hiyo kukadiria kwamba treni mpya ya eneo la San Francisco ingebeba asilimia 6.3 ya waendao kazini. Ikawa 6.2. Makadirio rasmi yalisema 15!

Basi ukitaka kuongeza bidhaa, panga makapu kwanza. Dagaa wote, wa kopo na wa mfuko, kapu moja. Migebuka kapu lao. Gawa wateja kati ya makapu, ndipo ugawe ndani ya kila kapu. Mimi sasa hufanya hivyo kwa kalamu kabla sijaenda kununua mzigo, na hujaribu kitu kipya kidogo kwa wiki mbili bila kupunguza cha zamani.

Juzi mama yake huyo mpwa, anayeuza asali na nta Tabora, alinipigia. Anataka kuweka asali ile ile kwenye chupa ya duara pia. Nikamwuliza, "Dada, na nta utapunguza?"

Kimya. Kisha akasema nisubiri, anatafuta daftari.