Peptidi ya kuzuia kingamwili ya parkini inathibitisha nini hasa

Dada uliyeuliza kama ile peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, inayouzwa pamoja na kingamwili ya parkini inatosha kumthibitishia msimamizi wako kwamba mstari unaouona kwenye utando, ile karatasi ambayo protini za seli huhamishiwa baada ya kutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, ndio parkini yenyewe, jibu langu ni kwamba haitoshi, nami nililijua hilo baada ya kupoteza wiki kadhaa katika maabara moja hapa Kisumu. Peptidi hiyo ina kazi yake, tena kazi nzuri, ila si hiyo.

Parkini ni protini ya asidi amino 465, yenye uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 52 hivi, na jeni yake ilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1998 katika familia ambazo ugonjwa wa Parkinson uliwapata watu wangali vijana. Mwaka 2000 ikabainika kuwa ni ligesi ya ubikwitini, yaani kimeng'enya kinachobandika ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76, kwenye protini nyingine ili seli ijue ipi ya kuondolewa. Peptidi uliyo nayo haifanyi lolote kati ya hayo. Ni kipande kifupi, mara nyingi cha asidi amino 15 hivi, kinachonakili sehemu ileile ya parkini aliyochanjwa sungura ili atengeneze kingamwili. Wala si dawa. Nalisema hili kwa kuwa jirani yangu, ambaye baba yake anatetemeka mikono kwa ugonjwa huo, aliwahi kuniuliza kwa matumaini kama naweza kumpatia, na iliniuma sana kumjibu hapana.

Kichupa changu kilipofika kutoka Nairobi ndani ya sanduku la barafu, nilikiinua kwenye mwanga nikadhani ni kitupu, kumbe peptidi ilikuwa imekaa kitakoni kama ukungu mweupe. Nilikosea kukifungua kingali baridi: ilikuwa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha, na unyevu wa hewa ulilowesha ule unga mpaka ukanata kwenye ukuta wa kichupa. Siku hizi hukiacha mezani kikiwa kimefungwa hadi kikauke jasho, nakizungusha kidogo kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, ili unga ushuke kitakoni, ndipo nakifungua. Nikishaiyeyusha peptidi naigawa katika mirija midogo ya kutumika mara moja moja, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha tena na tena huiharibu.

Jaribio lenyewe si gumu. Gawa kingamwili uliyokwisha kuizimua katika mirija miwili, mmoja utie peptidi ya uzito mara 5 ya kingamwili, mwingine utie bafa tupu (kimiminika kisicho na peptidi) ya kiasi hichohicho, kisha uiache yote miwili usiku kucha kwenye nyuzi 4. Usihofu kwamba mara 5 ni kidogo, kwa maana kingamwili ina kilodaltoni 150 hivi na peptidi haifiki 2, kwa hiyo kila kingamwili, yenye mikono miwili tu ya kushikia, inazungukwa na molekuli za peptidi zipatazo 400. Asubuhi kila mrija upewe nusu yake ya utando mmoja, na nusu zote mbili zipigwe picha kwa muda uleule.

Nilipofanya hivyo, nusu isiyo na peptidi ilionyesha mistari miwili, mmoja karibu na kilodaltoni 52 na mwingine, mweusi zaidi, karibu na 40. Kwenye nusu yenye peptidi yote miwili ilitoweka. Nilifurahi, nikaandika kwamba ule wa chini ni parkini iliyokatika. Mwenzangu mmoja aliposoma aliniuliza swali moja tu: umejaribu seli za HeLa? Seli hizo, za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, zinajulikana kwa kukosa parkini karibu kabisa. Nilizipitisha kwenye jeli moja na seli zangu za SH-SY5Y, aina nyingine ya seli za binadamu, zenye parkini, na mstari wa 52 haukuonekana upande wa HeLa, lakini ule wa 40 ulikuwa pale, mweusi vilevile.

Sababu yake ni hii. Kingamwili ikishika protini nyingine kwa mikono ileile inayoshikia parkini, peptidi ikiijaza mikono hiyo inaifuta mistari yote miwili bila kubagua. Kwa hiyo mstari unaobaki licha ya peptidi unaweza kuutilia shaka mara moja, ila unaotoweka bado haujajitambulisha. Kinachoutambulisha ni seli zisizo na parkini, au zile ulizoizima jeni yake, zikiwa kwenye jeli hiyohiyo.

Basi kabla hujaandika sura ya matokeo, mwombe msimamizi wako akutafutie HeLa. Maabara zinazotafiti saratani mara nyingi huwa nazo kwenye tangi la naitrojeni, na kichupa kimoja kitakutosha kuanzia.